Siku Syahuka Alipovunja Pua ya Mzee Kwenye Treni

Meno ambayo Syahuka ameyang'oa vinywani mwa watu yangetosha kumvalisha upya mamba mzee wa kule ziwani Mweya. Sisemi hivi kwa kumsifu. Nasema ili ujue unasoma habari za nani.

Ni mchinjaji. Meza yake ya nyama iko soko la Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, ya tatu ukitokea upande wa Mpondwe. Ukitaka maini, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Ukitaka ngumi, fika saa yoyote, hajawahi kuishiwa. Ni mfupi, kifua kama ngoma, na mikono kama ameiazima kwa mtu mrefu akakataa kurudisha. Amempiga dereva wa lori la chumvi kwa kuegesha mbele ya meza yake. Amempiga dalali wa ng'ombe kwa kichwa hadi dalali akasahau bei. Amempiga shemeji yake siku ya harusi, kwenye foleni ya chakula, kwa kumwita mfupi, na shemeji akamaliza sahani yake kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini wauza nyama wa Bwera wana sheria yao, wanaiita sheria ya meza. Ukimtoa mwenzako damu, hakuna kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa polisi. Kesho yake, soko likiwa limejaa, unasimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, unamwambia rudisha. Anakupiga pigo moja, pale pale ulipompiga, kwa nguvu anazotaka yeye. Ukikwepa, unapigwa la pili. Kisha mnakatiwa kipande kimoja cha nyama ya kuchoma, mnakila wote wawili, chumvi na damu pamoja, na maneno yameisha. Aliyeumizwa akikataa kurudisha, pigo haliozi: yeyote mwenye lake la zamani na wewe anaweza kusimama akalichukua.

Syahuka amesimama mikono nyuma mara kumi na moja, ndiyo maana pua yake inaelekea Kongo wakati yeye anatazama Kasese. Hajawahi kukwepa. Anaamini dunia nzima inaendeshwa hivyo, ila wengine wanachelewesha mambo kwa makaratasi.

Sheria hiyo ilikuwa na mpaka mmoja tu. Iliishia mlangoni pa nyumba yake.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo Eseri, mke wake, aliyevuka mpaka kutoka Beni, Kongo, akiwa msichana. Ndiye aliyenisimulia mengi ya haya, huku akichambua maharage, na ukitaka akusikie lazima ukae upande wake wa kulia. Sikio la kushoto Syahuka alilizima kule Bulembia, walipokuwa wamepanga chumba, kwa mpini wa shoka, kwa sababu ya mchuzi uliopoa. Patience, binti yao, alikuwa na miaka minne, na alikuwa chini ya kitanda. Kesho yake hakuna mtu aliyesimama mikono nyuma mbele ya Eseri. Kesho yake Syahuka alikwenda kazini, na Eseri akapasha mchuzi.

Kuna watu watakwambia alizaliwa hivyo. Si kweli, ingawa nisingependa kumtetea sana, asije akadhani nina pua ya ziada. Alfajiri moja, miaka ile waasi waliposhuka milimani, alikuwa kijana amelala kwenye stoo ya ngozi pamoja na vijana wenzake wawili. Aliamshwa na mkono uliopita juu ya kichwa chake kutoka nyuma, ukamshika kidevu na kukiinua, jinsi mbuzi anavyoshikwa. Bahati mbaya ya mwenye mkono, alimshika mtu anayeijua kazi hiyo kumzidi. Syahuka aliuma vidole viwili akavitema, akapapasa kisu chake cha kuchunia. Jua lilipotoka watu walimkuta ameketi kando ya maiti iliyofunguliwa kuanzia kitovu hadi koo, kazi safi, isiyogusa utumbo. Wenzake wawili hawakuamka. Tangu siku hiyo kisu hicho hakikumwacha. Alilala nacho, alikula nacho, alipokea nacho komunyo kikiwa kimefungwa ndani ya soksi.

Patience alipopata ufadhili wa kwenda kusomea ujenzi wa madaraja huko Zhengzhou, Uchina, Syahuka alishikwa na hamu moja ambayo haikumtoka kwa miaka minne. Binti anatumia jina la baba. Siku ya kuhitimu, jina hilo lingesomwa kwa sauti ndani ya ukumbi wenye mapazia, mbele ya maprofesa. Hadi hapo jina la Syahuka lilikuwa limesomwa kwa sauti kituo cha polisi tu. Chuo kilitoa kadi mbili kwa wazazi wa kila mhitimu. Aliuza fahali wake mkubwa, kanisa likaongeza, na kwa mwaka mzima alimwambia kila aliyenunua hata kilo ya mifupa kwamba yeye atakaa ukumbini, asikie jina lake. Wateja walijifunza kuitikia amina haraka ili wapewe nyama.

Walifika siku tano kabla ya sherehe. Zilipobaki siku tatu, Patience akasema atawatembeza: watapanda treni ya mwendo kasi hadi Luoyang, waone sanamu kubwa zilizochongwa kwenye mwamba huko Longmen, warudi jioni. Eseri akasonga bundu, ugali wa muhogo, kwa unga aliotoka nao nyumbani, akalifunga kwenye jani, akajaza chai kwenye chupa ya chuma. Syahuka akavaa suti. Akavaa na soksi.

Stesheni ya huko ni kubwa kuliko Bwera yote ukiweka na ng'ombe. Kabla ya kuingia unapitisha mzigo kwenye mashine, kisha unapita mwenyewe kwenye mlango unaolia. Bundu la Eseri walilipitisha mara tatu, askari watatu wakaliinamia, mmoja akalinusa akarudi nyuma kwa heshima. Syahuka alipopita, mlango ulilia. Askari wa kike mwenye kifimbo cha kupekulia akashuka nacho taratibu, kifua, mkanda, goti, hadi kwenye soksi.

Kwenye ndege kisu kilisafiri ndani ya sanduku la mizigo, na yeye akasafiri safari nzima bila kufumba macho. Hapa hapakuwa na sanduku. Yule dada alipokishika, Syahuka alimkamata kifundo cha mkono, akambana hadi vidole vya dada vikafunguka vyeupe. Askari wawili wakaja mbio. Patience ndiye aliyefika kwanza. Hakupiga kelele. Alivibandua vidole vya baba yake kimoja kimoja, akianzia kidole kidogo, kama mtu aliyewahi kulazimika kufanya hivyo, akiwaeleza askari kwa Kichina kwamba mzazi wake ni mchinjaji mzee kutoka milimani, na kwamba kisu ni kama fimbo yake ya kutembelea. Wakakubali asishtakiwe. Kisu kikatupwa kwenye sanduku la plastiki, juu ya mikasi na viberiti. Patience akamwambia baba yake, kwa sauti ya chini, kwamba akimgusa mtu mwingine leo, polisi watapiga simu chuoni kabla hajakojoa.

Basi wakapanda. Namba nyekundu juu ya mlango ilisema wanakwenda kilomita mia tatu kwa saa, na chai kwenye kikombe haikutikisika. Eseri aligundua bomba la maji ya moto mwisho wa behewa, la bure, akaenda kujaza chupa mara mbili bila sababu. Syahuka alikaa dirishani, miguu ameibana, akitazama mashamba yakipita mbio kama yanamkimbia. Usiku tatu hakuwa amelala sawasawa. Joto, kiti laini, utulivu ule wa watu wanaotazama simu: akapitiwa na usingizi, mdomo wazi.

Kiti cha nyuma yake alikaa mzee mmoja Mchina wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye miwani, anayekwenda kumwona mjukuu. Mfuko wake wa mapichi ulikuwa kwenye kichanja cha mizigo, juu kidogo ya kichwa cha Syahuka. Karibu na kufika, treni iliingia kwenye handaki. Nje kukawa giza ghafla, masikio yakaziba kama yamekandamizwa na viganja. Mzee akasimama, akanyoosha mkono mbele apate mfuko wake. Mkono ukapita juu ya kichwa cha Syahuka, kutoka nyuma.

Eseri anasema hakumwona akiamka. Aliona tu yuko juu. Ngumi ya kwanza ilivunja miwani na pua kwa pamoja, sauti kama kukanyaga konokono. Ya pili ilimkuta mzee akianguka, ikamfuata hadi kwenye kiti. Damu iliruka kwenye vitambaa vyeupe vya viti vitatu. Mapichi yakabingirika hadi behewa la pili. Kijana mmoja akamrukia Syahuka kwa mgongo, Syahuka akainama na kumpitisha juu ya bega kama nusu ya ng'ombe, akatua kwenye meza ya watu waliokuwa wanakula tambi. Wa pili alipigwa kiwiko cha koo, akakaa chini mwenyewe. Kisha Syahuka akamshika mzee kidevu, akakiinua, mkono wake wa kulia ukashuka kwenye soksi.

Soksi ilikuwa tupu.

Hilo ndilo lililomwamsha. Alisimama pale, vidole ndani ya soksi, akitazama uso wa mzee uliokuwa umegeuka nyama, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui yuko wapi. Treni ikatoka kwenye handaki, jua likajaa. Watu wote wa behewa walikuwa wameinua simu zao, wanarekodi.

Luoyang walimshusha wahudumu wawili kupitia mlango wa mbele, Eseri na Patience wakashuka wa nyuma. Yeye hakuwaona. Akadhani treni inaondoka nao, akawasukuma wahudumu na kurudi mlangoni. Polisi wa stesheni wana chuma kirefu chenye pembe mbili mbele, mfano wa panda ya mti. Walimpiga nacho kifuani, wakambana na nguzo. Akakishika, akavuta, polisi mmoja akaja pamoja na chuma chake, akala teke la tumbo. Wakaongeza cha pili, cha magotini, wakamlaza kwenye sakafu, goti la mtu likiwa shingoni. Yeye mwenyewe amelaza hivyo mafahali zaidi ya elfu. Eseri anasema alipomfikia alikuwa anapumua kwa kishindo kama wao, povu mdomoni, jicho moja likimtafuta yeye.

Kwenye chumba cha polisi kulikuwa na meza, viti, na picha ya treni. Mzee aliketi upande mmoja, pamba puani, binti yake akifoka bila kituo. Afande wa zamu alikuwa mtu mtulivu. Alieleza, na Patience akatafsiri kila neno kwa sauti kavu kama anasoma bei za nyanya. Njia ni mbili. Mzee akikubali suluhu, wataandikiana, Syahuka atalipa matibabu na miwani, mambo yataishia hapo. Mzee akikataa, Syahuka atalala ndani siku kumi na tano kisha atarudishwa kwao, na chuo kitaandikiwa barua. Sherehe ni baada ya siku tatu. Afande akauliza kwanza: kwa nini alimpiga?

Syahuka akasimulia ile alfajiri ya stoo ya ngozi. Hakuwahi kuisimulia mbele ya binti yake. Aliisema kwa maneno machache, akitazama sakafu: mkono, kidevu, vidole, wenzake wawili. Patience alitafsiri. Alipofika kwenye vidole vilivyotemwa aliinua viwili vya kwake, akaendelea. Binti wa mzee akaacha kufoka.

Hapo Syahuka akafanya kosa ambalo katika Uchina yote ni mtu wa soko la Bwera tu angelifanya. Alisimama. Akaenda mbele ya mzee, polisi wawili wakashika vyuma vyao. Akapeleka mikono nyuma, akainua uso.

"Ambia muzee anipige," akamwambia Patience. "Moja tu. Pale pale kwa pua."

Patience akamwambia akae. Akakataa. Akamweleza binti, kana kwamba hakulelewa Bwera, kwamba karatasi haifungi damu, kwamba mzee asiporudisha, huu ugomvi utamfuata hadi ukumbini. Patience akatafsiri, akiwa mwekundu kwa aibu hadi shingoni, kadiri rangi yetu inavyoruhusu. Mzee alimtazama Syahuka kwa jicho lake moja zima. Akasema pua yake inauma vya kutosha, hana haja ya kuumiza na mkono. Akamwomba afande kalamu.

Syahuka hakuondoka. Alibaki amesimama, mikono nyuma, na nadhani alikuwa mkaidi kwa sababu hii ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo, naye alitaka binti yake aione. Akasema mzee akikataa, basi sheria iko wazi, yeyote mwenye lake asimame.

Kiti kililia. Eseri alikuwa amesimama.

Alikuwa na ile chupa ya chai mkononi, imejaa. Patience akaita, mama. Eseri hakusikia, au alikuwa amemgeuzia sikio la kushoto. Alimzunguka mumewe, akasimama mbele yake, na Syahuka alipomwona macho yalimtoka. Mikono yake ilianza kuja mbele.

"Acha mikono nyuma," Eseri akasema. "Si ni sheria yako?"

Ikarudi nyuma.

Pigo la kwanza la chupa lilimpata puani, pua ikarudi kidogo upande wa Kasese. La pili lilikuja kabla ya polisi kuelewa ni nani adui. Lilipasua mdomo wa chini hadi kidevuni, jino likadondoka mezani juu ya karatasi ya suluhu, likaacha alama mahali pa kutia sahihi.

"Ile ya kwanza ni ya muzee," Eseri akasema. "Hii ni ya Bulembia."

Walimnyang'anya chupa. Walihitajika watu wawili. Syahuka alikuwa bado wima, damu ikimwagikia suti, mikono nyuma. Hakukwepa, hilo lazima nimpe. Afande, ambaye sasa utulivu ulikuwa umemhama, alimuuliza Patience mama amesema nini.

Siku nzima Patience alikuwa ametafsiri kila neno. Safari hii alijibu kwamba ni mambo ya nyumbani.

Mzee alitia sahihi haraka sana. Eseri anadai ni huruma. Mimi nadhani aliogopa chupa.

Mzee na Syahuka wakashonwa, mmoja pua na mwingine mdomo, na kwa kuwa tiketi za kuingilia zilikuwa zimekwisha kununuliwa, Syahuka, mke na binti wakaenda kutazama sanamu. Longmen ni mwamba mrefu kando ya mto, umetobolewa mashimo kwa maelfu, na kila shimo lina mtu wa mawe amekaa. Yupo mmoja mkubwa kuliko kanisa, anatabasamu. Lakini wadogo, wengi wao hawana vichwa. Wengine hawana uso, wengine mikono. Watalii walipiga picha wakapita. Syahuka alisimama mbele ya kila mmoja, mdomo umevimba kama ndizi mshale, akisoma mikato. Huyu, alisema, alikatwa kwa msumeno, polepole, na mtu aliyetaka kukiuza kichwa. Huyu alipigwa nyundo kutoka chini, na mtu mfupi. Akafika kwa mmoja ambaye uso wote ulikuwa umepondwa, pigo juu ya pigo, hata baada ya kuvunjika.

"Huyu alipigwa na mutu mwenye hasira tu," akasema. "Hakutaka kitu."

Patience alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuja mbele, akajiweka kati yake na mwamba, ili amwone.

"Papa, kadi ni mbili," akasema. "Mama ataingia. Wewe hapana."

Mkono wa Syahuka ulipanda. Haukuulizwa, ulipanda wenyewe, kama ulivyozoea, hadi usawa wa bega. Eseri akaona. Watalii wawili wakaona wakajisogeza. Patience hakurudi nyuma na hakufumba macho. Alimwambia kwamba chini ya kitanda kule Bulembia aliona kila kitu, na kwamba aliapa siku jina lile litakaposomwa, atachagua mwenyewe nani alisikie.

Mkono ukakaa hewani muda mrefu. Kisha ukashuka, bila kumgusa mtu.

"Sasa mimi nitaona wapi?" akauliza.

"Kwa simu ya mama."

Siku ya sherehe alivaa suti ile ile, Eseri akiwa ameifua, na madoa yakiwa yamegoma. Aliketi kwenye ukingo wa bustani nje ya ukumbi kuanzia saa mbili asubuhi. Wazazi wa watu walipita na maua. Mlinzi alimletea maji, akayanywa kwa upande mmoja wa mdomo. Kila makofi yalipolia ndani, aliinuka, kisha akakaa.

Eseri alitoka saa saba mchana akampa simu. Hajawahi kurekodi chochote maishani mwake. Robo tatu ya picha ni kidole gumba chake, cha waridi, kinachowaka kwa taa za ukumbi. Pembeni yake kuna kipande cha pazia na bega la mtu. Kisha sauti ya Mchina inasoma jina kwa shida, kama anayetembea juu ya mawe ya mtoni: Si-ya-hu-ka. Halafu makofi, halafu kidole gumba chote.

Syahuka alikitazama kidole kile hadi mwisho. Akamuuliza Eseri, akiwa amekaa upande wa sikio la kulia, mahali pa kubonyeza ili irudi mwanzo.